Asiyeombwa Hata Kiberiti

Aiaki, Onotoa
4 Agosti 1986

Kwa Msahihishaji Namba Nne
Ofisi ya Masomo kwa Posta, Bikenibeu, Tarawa

Salamu nitakupa mwishoni, hasira zikiwa zimepungua.

Somo langu la tisa limerudi na ndege ya wiki iliyopita, na wino wako mwekundu umeushinda wangu wa buluu. Sentensi ishirini, makosa kumi na saba. Mara tisa umeandika pembeni, "Umbo refu, si fupi." Mara nane umeandika, "Umbo fupi, si refu." Sasa mimi niende wapi? Nikikimbilia huku napigwa, nikirudi kule napigwa. Hao Waingereza wenyewe wanaamka wakijua lipi ni lipi, au nao wanabahatisha?

Silalamiki kwa kupenda kulalamika, ingawa napenda. Chuo cha ualimu kinatoa nafasi moja tu kwa kisiwa chetu cha Onotoa mwaka huu. Anayeitaka lazima apate maksi sabini kwenye jaribio la somo la kumi, na majina yanafungwa tarehe kumi Desemba. Hayo unayajua. Usilolijua ni kwamba Februari natimiza miaka ishirini na saba, na chuo hakimpokei wa ishirini na saba. Miaka saba nimekuwa mwalimu msaidizi hapa. Namfutia ubao mwenye cheti, namshikia darasa akiumwa, naye huumwa kila Jumatatu. Nikikosa mwaka huu, nimekosa kabisa, nitafuta ubao mpaka nizeeke.

Basi nieleze kama unavyomweleza mtoto. "Leaving" na "having left." Kitu gani kinaamua?

Tena, wewe ni mwanamume au mwanamke? Inachosha kumgombeza mtu usiyejua umwite bwana au bibi; mimi angalau naandika Nei, unajua ni bibi.

Hujambo? Sisi hatujambo. Kisima kimeanza kuwa na chumvi, lakini tunakunywa.

Nei Taabeia, Mwanafunzi 212


Bikenibeu
18 Agosti 1986

Mwanafunzi 212,

Nianze na swali la mwisho ili tulimalize. Sisi wasahihishaji si mabwana wala mabibi, ni namba. Mwaka ofisi ilipofunguliwa tulikuwa tunaandika majina yetu chini ya kila karatasi. Kufika Krismasi baraza lilijaa mashemeji na binamu waliotoka visiwani, kila mmoja na bubuti yake: "Ndugu yangu, nakuomba maksi kumi za mtoto." Bubuti ikishatamkwa, ndugu atakataaje? Mwaka ule kuna kisiwa kilifaulu chote, pamoja na mtu aliyekuwa baharini siku ya mtihani. Tangu hapo hatuna majina. Na msahihishaji akikuta karatasi ya ndugu yake, sheria inamtaka aitoe mezani kwake siku hiyo hiyo.

Sasa maumbo. Mgema yuko juu ya mnazi, anagema huku anaimba. Mambo mawili, wakati mmoja: umbo fupi. Mgema anashuka, na mguu ukigusa chini anamkabidhi mkewe tembo. Jambo la pili limelikanyaga la kwanza kisigino: bado umbo fupi. Lakini siku nyingine mgema amemaliza minazi yake yote, ameoga, amekula, kisha kaenda kuvua. La kwanza lilikuwa limekwisha kabla la pili halijaanza, nawe unataka msomaji aone kwamba limekwisha. Hapo, na hapo tu, umbo refu. Jiulize kila mara: mlango umefungwa, au uko wazi?

Wewe unalivaa umbo refu hata pasipo na shughuli. Livue.

Sentensi yako ya kumi na nne: "Having leave the island, my mother's brother forgot us." Ni "left," si "leave." Umbo refu lenyewe hapo ni sahihi. Nimekupa nusu maksi.

Namba Nne


Aiaki, Onotoa
1 Septemba 1986

Ndugu Namba Nne,

Nusu maksi! Mungu akuzidishie, hasa wino.

Maelezo yako nimeyaelewa, na hilo ndilo linalonisumbua, maana siku hizi siwezi kufanya kitu bila kujiuliza mlango umefungwa au uko wazi. Nachota maji, najiuliza. Napara samaki, najiuliza. Mama ananiona nimesimama na kisu hewani anasema, "Taabeia, huyo samaki anangoja nini, ruhusa?" Nasoma somo lenyewe nikitembea, kwa sababu nikikaa naanza kuhesabu wiki zilizobaki.

Lakini ile sentensi ya mjomba naona tumekosea wote wawili. Nisikilize. Mjomba wangu, kaka wa mama, alichimba fosfeti Nauru miaka miwili akarudi na baiskeli mpya, ya pili Aiaki nzima. Ya kwanza ilikuwa ya misheni. Siku ya tatu baba yangu akamwomba ile baiskeli. Ndani ya maneaba, jumba la mikutano ya kijiji, watu wote wamekaa. Mjomba akasema hapana. Shemeji yake anamwomba, naye anasema hapana! Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Waliacha tu kumwomba. Mwezi mzima hakuombwa samaki, hakuombwa kamba, hakuombwa hata kiberiti. Mama anasema alikuwa akikaa mlangoni na kiberiti mkononi, watu wakipita na misokoto yao ya tumbaku kutafuta moto nyumba ya pili. Meli ilipokuja akapanda. Nilikuwa na miaka sita.

Mama hamtaji kwa jina. Ila kila ndege ikitua huuliza nani kashuka. Sasa niambie wewe mwenye wino: mlango huo umefungwa?

Jaribio la somo la kumi nimelifunga humu. Zile sentensi kumi za kubuni mwenyewe zimenitoa jasho, na safari hii nazipenda. Ndugu yangu Baraniko naye yumo kwenye kozi, ni Mwanafunzi 213, mtoto wa baba yangu mdogo. Ana miaka ishirini na miwili, mke mjamzito, na gitaa, na vitabu vyake viko chini ya gitaa. Jana alikuja akaketi kirefu. Alikuwa na shida yake ndogo. Tumeimaliza.

Nisomee kwa huruma.

Taabeia


Bikenibeu
22 Septemba 1986

Mwanafunzi 212,

Bahasha mbili zimefika na ndege moja, yako na ya 213. Sentensi kumi za kubuni mwenyewe, na kumi zote ni zile zile, mpaka yule bibi aliyetumbukia kwenye shimo la magimbi ya babai akiwa anamcheka mwenzake. Mtu hawezi kubuni bibi yule mara mbili.

Sheria ni hii. Karatasi mbili zikifanana, zote mbili ni sifuri na majina yote mawili yanafutwa kwenye orodha ya chuo, isipokuwa mwandishi wa kweli ajulikane kabla ya mwisho wa Oktoba.

Karatasi ile ina maksi themanini na moja. Nimeisahihisha mara tatu nikidhani nimekosea. Maumbo yote umeyapatia isipokuwa mawili. Themanini na moja, mwanafunzi!

Niandikie mstari mmoja: "Ni yangu, yeye kanakili." Usinieleze sababu wala usiniletee hadithi. Mstari mmoja, na uje na ndege ya kwanza.

Namba Nne


Aiaki, Onotoa
6 Oktoba 1986

Namba Nne,

Karatasi zote mbili zimetoka Onotoa, na kila moja ina jina la mwenyewe. Sina la kuongeza.

Hayo niliandika asubuhi. Sasa ni saa nane mchana, nimeshafagia uwanja mara mbili na bado sijatulia, kwa hiyo naongeza.

Unataka niandike kwamba fulani aliniomba nikampa. Tuseme nimeandika. Nitakuwa nimempa nini? Nitakuwa nimempa kwa mkono wa kulia na kumpokonya kwa wa kushoto, tena mbele ya ofisi ya serikali. Bora uchoyo kuliko masimango. Mchoyo angalau hukwambia mapema. Mwenye kusimanga hukuacha ule, ushibe, ndipo akutapishe.

Unadhani siitaki ile nafasi? Naitaka mpaka sili. Mama kanikuta nalia kisimani akadhani ni jino, akanitafutia dawa. Nimeitafuna nami, chungu kweli, kwa jino lisilouma.

Labda huko Tarawa mmeshasahau mambo haya, mnaishi kwa sheria na mikate ya dukani. Fanya sheria yako. Mimi huo mstari sitauandika.

Taabeia


Bikenibeu
13 Oktoba 1986

Taabeia,

Mimi nimesahau? Mimi?

Mara tatu wiki hii nimeingia kwa mkuu wa ofisi. Nimemwambia karatasi ni ya 212. Akataka ushahidi. Nikamwonyesha sentensi ya saba, iliyomo kwenye karatasi zote mbili, ya kaka wa mama aliyekwenda akawasahau watu wake. Nikamwambia, bwana, huyu Baraniko hana kaka wa mama. Mama yake, Rotia, alizaliwa peke yake; aliyemzaa alikufa palepale, akalelewa na shangazi yake kule Tekawa, hata siku ya harusi yake alisindikizwa na watu wa kuazima kwa kuwa hakuwa na kaka wa kumsindikiza. Mtu asiye na mjomba anamtoa wapi mjomba wa kumwandika?

Mkuu akaniuliza, "Na wewe umeyajuaje ya harusi ya Rotia?" Nikamwambia ofisini humu husikika mengi. Akasema ushahidi ni mzuri, lakini bado anataka mstari wako. Baraniko atafutwa, wewe utabaki. Mstari mmoja tu, mtoto mkaidi wee!

Uliniuliza kama mlango ule umefungwa. Sarufi haijui. Sarufi inamwachia anayeandika aseme kama kwake jambo limekwisha.

Andika upesi.

Namba Nne


Aiaki, Onotoa
19 Oktoba 1986

Mjomba Tekinati,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Nani huko Tarawa anajua kwamba Rotia alisindikizwa na watu wa kuazima? Mtu aliyeazimwa! Nimemuuliza Mama ya harusi ile tu, naye anasema kaka yake ndiye aliyembebea Rotia mikeka.

Miezi kumi! Tangu somo la kwanza jina langu liko mbele yako, na jina la kijiji, na sentensi zangu zote kuhusu mama yako na shimo lake la babai, nawe kimya, unanikata maksi tu. Unampa mtu nusu maksi kwa sentensi inayokusema wewe mwenyewe! Nimecheka hadi Mama akatoka jikoni. Halafu nikalia, akarudi kutafuta dawa ya jino.

Bado sijamwambia. Nina hasira na wewe, mjomba, niseme wazi. Baba alipokufa tuliweka nafasi yako kwenye mkeka siku tatu, na hukuja. Barua huandiki, lakini kazi yako ni kusoma barua za watu. Ungeweza kuniuliza mara moja tu, pembeni, kwa wino huo huo mwekundu: mama hajambo?

Sasa sikia. Baraniko simtaji, na usiniombe tena nimtaje. Lakini kanuni za ofisi ninazo, na kwenye ukurasa wa sita imeandikwa kwamba jaribio laweza kurudiwa mbele ya msimamizi kutoka Tarawa. Onotoa hajawahi kuja hata mmoja, kwa sababu akishuka lazima angoje ndege ya wiki inayofuata, na wanaogopa chumvi ya visima vyetu.

Mjomba, nakuomba uje. Simwombi Namba Nne, nakuomba wewe. Sitaki maksi. Njoo na karatasi mpya mbili, ukae ndani ya maneaba mchana kweupe, kila mtu akuone, nami na Baraniko tuandike mbele yako. Nikipata sabini, iwe yangu. Nikikosa, nimekosa kwa mkono wangu.

Hii ni bubuti. Uliwahi kukataa moja, na unajua ilivyokuwa.

Mpwa wako,
Taabeia


Bikenibeu
3 Novemba 1986

Mpwa wangu,

Nitakuja na ndege ya tarehe kumi na moja.

Nimemweleza mkuu mimi ni nani kwako. Amenivua namba, na ana haki. Karatasi zenu atazisahihisha Namba Mbili, ambaye kwao ni Butaritari na hajui hata Onotoa iko upande gani wa bahari. Ilipofika suala la msimamizi, wote wakaanza kupanga kalamu zao mezani. Nikanyoosha mkono. Mkuu alicheka kwa mara ya kwanza mwaka huu. Karatasi zitakuja zimefungwa kwa lakiri, na mwalimu mkuu wenu atakaa kando yangu ili pasiwe na maneno.

Ulikuwa na uwezo wa kuniomba maksi, nami nisingeweza kukunyima. Hicho ndicho nilichokiogopa tangu somo la kwanza. Ilinipasa kuitoa karatasi yako mezani siku ile ile. Sikuitoa. Nilitaka kusoma habari za nyumbani. Na ili nisikupendelee, nilikukata zaidi ya wengine. Nisamehe. Ile nusu ilistahili kuwa nzima.

Kuhusu baiskeli, sijapata kumwambia mtu haya. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nimekohoa vumbi la fosfeti miaka miwili. Nilitaka niiendeshe wiki moja. Wiki moja tu, Taabeia, kisha ningempa baba yako, tena kwa moyo. Nilikusudia kusema "ngoja." Pale mbele ya watu wote nikatoa "hapana." Na neno hilo likishatoka ndani ya maneaba huwezi kulifuata na ufutio.

Sikuja kumzika kwa sababu niliona aibu. Hiyo ndiyo habari yote.

Mwambie dada. Au usimwambie. Sanduku nimelifunga na kulifungua mara nne leo, na ndani yake mna shati moja.

Tekinati


Aiaki, Onotoa
27 Novemba 1986

Mjomba wangu,

Redio umeisikia jana, najua, lakini acha niandike kwa mkono wangu, maana bado siamini: Taabeia wa Onotoa, sabini na nne. Baraniko wa Onotoa, sabini. Namba Mbili wenu ni mkali. Bado kanikuta na umbo refu mahali pasipo na shughuli.

Baraniko kapata sabini, mjomba! Tangu umwambie pale nje, "Kijana, una kichwa kizuri, kikalishe chini," gitaa hakuligusa. Alikesha siku mbili za kuamkia jaribio, mkewe akamshikia taa. Sasa kila mtu anajua kwamba angeweza tangu mwanzo.

Tangu uondoke Mama anatembea na viatu vyako. Ni vikubwa, vinampwaya, na hamwazimi mtu. Zile siku saba nilikuona ulivyokuwa ukiweka vitu vyako mlangoni, kisu, tochi, kitana, na jinsi yeye alivyokupikia na kukutandikia bila kukuomba hata kimoja. Niliumia. Alipokusimamisha uwanjani rubani akiwa ameshawasha injini, akanyoosha kidole miguuni kwako na kusema, "Tekinati, nakuomba hivyo," nilidhani utaanguka. Watu wanasema hawajaona mtu anayevua viatu kwa haraka hivyo.

Ningependa kuishia hapo.

Jana jioni, redio ilipokwisha kusoma, tulikuwa wote ndani ya maneaba. Baraniko akavuka katikati, akaketi mbele yangu, akainamisha kichwa. Akasema, "Dada, nimefaulu na mimi. Mtoto anazaliwa Machi, na sina kazi. Nakuomba hiyo nafasi." Kwa adabu kabisa. Hakuwa na hila, mjomba, namjua. Aliomba kwa kuwa alihitaji, na mimi ni dada yake.

Nikasema hapana.

Nilikumbuka neno lako la kusema "ngoja," nikalitafuta mdomoni. Lakini yeye akingoja ana miaka mitano mbele yake. Mimi nikingoja, ni Februari. Karatasi nilimpa, na ningempa nyingine kesho. Hii siyo karatasi. Hii ni mimi mzima, nami siwezi kujitoa. Nikasema hapana mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka vizuri.

Hakuna aliyeguna. Hilo wewe unalijua. Walianza tu kuzungumza habari za samaki.

Leo asubuhi shangazi, dada yake Baba, aliishiwa chumvi. Nilimwona anakuja na kikombe chake, nikachukua mkebe, nikasimama mlangoni. Akanisalimu vizuri, akapita, akaenda nyumba ya tatu. Mchana watoto wa jirani wa Baraniko walipoteza ndoo yao kisimani wakakaa wanaitazama yangu bila kuiomba. Wamekwisha kuambiwa. Mama anasuka tu, na vidole vyake vinakwenda mbio.

Ulinifundisha kuuliza kama jambo limekwisha. Hili halikwishi. Kila nikipita mbele ya nyumba yao nakataa upya. Siwezi kukaa, siwezi kulala, nazunguka kisiwa na kisiwa ni chembamba.

Mpaka tarehe kumi naweza kupeleka simu ya kumwachia nafasi. Kibanda cha simu kiko pale, nimekifikia mara mbili leo nikarudi. Niambie kama nimekosea. Wewe tu ndiye unayeweza kuniambia.

Taabeia


Bikenibeu
8 Desemba 1986

Mpwa wangu Taabeia,

Nakuandikia nimesimama kaunta ya posta, ili hii iwahi ndege ya kesho.

Kama umekosea, sijui. Ningekuwa najua, nisingekaa Tarawa miaka ishirini. Watu wa kwetu wana haki: kisiwa kile kimeishi kwa sababu mtu akiomba hupewa. Na wewe una haki. Nilikutazama ukiandika ile karatasi, umekunja uso, umejisahau, na nikasema huyu ni mwalimu, kilichobaki ni cheti tu. Haki hizo mbili hazikai kwenye mkeka mmoja, na sijaona mkuu wa ofisi wala mchungaji awezaye kuzikalisha. Usiende kwenye kibanda cha simu. Hilo nakwambia kama mjomba, si kama namba.

Ninalolijua kwa hakika ni yanayofuata, maana nimeyasomea. Hawatakuchukia. Watakusalimu, watakuuliza umelalaje, na shangazi atapita na kikombe chake. Utakuwa na vitu mikononi, na hakuna atakayevitaka, na taratibu utaanza kuamini kwamba hata wewe mwenyewe hutakiwi. Mimi niliondoka nikiwa naamini hivyo. Hakuna aliyekuja nyuma yangu kuniambia sivyo, mpaka mwaka huu.

Kwa hiyo singoji ufike hali hiyo. Taabeia, nakuomba mkeka. Ule ambao dada alikuwa anausuka nilipokuwa huko, wenye mistari ya kahawia, wa kulalia chuoni. Nilimwona anavyouficha nikiingia, najua ni wako na najua utakavyousikitikia. Ungekuwa mkeka wa kawaida nisingeuomba. Utalala kwenye sakafu ya chuo kwa wiki chache mpaka akusukie mwingine, na utanilaumu kila asubuhi.

Usiutume kwa mtu. Uulete mwenyewe Januari, ukishuka tu kwenye ndege, kabla hujaenda chuoni, kabla hujanywa maji. Watu wa Onotoa wanaoishi hapa Bikenibeu watakuwa wamekaa kwangu, nimekwisha kuwaalika. Utaniwekea magotini mbele yao.

Nakuomba, mpwa wangu. Mimi ni ndugu yako, na sina mkeka.

Mjomba wako,
Tekinati